Madam wa Kompyuta na Ombi Lake Moja

Madam aliniomba kitu kimoja tu katika miaka yote niliyomjua, na sikukifanya. Nalisema hilo mapema kwa sababu najijua. Nikianza na uzuri wake nitanogewa, nitajipamba na mimi humo humo, na mwishowe utadhani nilikuwa mwanafunzi mwema.

Ombi lenyewe halikuwa kubwa. Alitaka niende Nairobi nikafanye kazi mwaka mmoja, halafu nirudi Kabati, kule Kitui, nimshikie darasa lake la kompyuta muhula mmoja, ili yeye aende akatibiwe macho. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba lazima apasuliwe, akae karibu na hospitali wiki nyingi, na kwamba ugonjwa ule ukila sehemu ya jicho hauirudishi. Lakini darasa likikaa bila mwalimu, kamati ya chuo cha ufundi cha pale ingelifunga na chumba kipewe washonaji. Na kamati haikutaka mwalimu ambaye hajafanya kazi mahali popote hata mwaka mmoja. Upande wetu wote ule, watu walioweza kufundisha programu, kwa hesabu ya Madam, walikuwa wawili, yeye na mimi.

Tulimwita Madam, basi. Kwetu kila mwalimu wa kike ni Madam, lakini ukisema Madam pale Kabati bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule wa kompyuta, mwembamba, mwenye sweta ya kijani hata jua likiwaka namna gani. Wazazi wake, ukoo wake, kama aliwahi kuolewa au la, hayo sikumuuliza. Aliyewahi kumuuliza alijibiwa, "Hiyo haiko kwa silabasi."

Tulichojua ni kwamba alikuwa amefanya kazi Nairobi zamani, kwenye ofisi yenye kompyuta moja iliyojaza chumba kizima, wakati programu zilikuwa zinatobolewa kwenye kadi. Halafu ofisi ikapunguza watu, naye akarudi. Kwa miaka yote hiyo ya Nairobi alitupa hadithi moja tu. Siku moja aliteleza kwenye ngazi akiwa na trei ya kadi, zikamwagika orofa mbili chini, na hazikuwa na namba. Alikaa siku mbili sakafuni akizipanga. Toka hapo alikuwa anaandika namba kwa kila kitu. Viti vyetu vilikuwa na namba, meza zilikuwa na namba, kalamu zake zilikuwa na namba, na kifuniko cha thamosi yake kilikuwa na namba ingawa alikuwa na thamosi moja tu. Tulimcheka sana kwa hiyo thamosi.

Chumba kilikuwa na kompyuta tano za msaada. Mbili zilikuwa zinawaka, na moja ya hizo mbili ilikuwa inawaka ikipenda. Kila moja ilifunikwa leso, na kila asubuhi Madam alizipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku. Stima haikuwa imefika pale, kulikuwa na jenereta ya chuo, na jenereta iliwashwa Jumamosi kwa saa mbili pamoja na mafundi wa kuchomelea vyuma. Fundi akianza kuchomelea, skrini yetu ilitetemeka na mara nyingine ilizima na kazi yote ikapotea. Madam alitoka mlangoni na kupiga kelele, "Fundi, nipe dakika kumi! Kumi tu, kwani geti inatoroka?" Fundi alimpa tano.

Kwa hiyo siku nyingine zote za wiki tulijifunza kompyuta bila kompyuta. Nimeona shule nyingi tangu hapo, zenye mashine kwa kila mtoto, na sijaona mtu akielewa function kama tulivyoelewa sisi.

Function, kwa asiyejua, ni kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake moja. Anayetaka hiyo kazi ifanywe huita jina, hutoa kinachohitajika, kisha husimama hapo hapo alipofika mpaka apewe jibu, ndipo aendelee. Hiyo peke yake watu huishika. Shida huanza function moja inapoita nyingine, na hiyo nyingine inaita nyingine tena, na kila mmoja amesimama anamngoja mwenzake. Hapo kichwa cha mwanafunzi hupotea njia. Madam aliliona hilo mapema, akaamua kwamba hatutaandika hata mstari mmoja kabla ya kuwa function sisi wenyewe.

Programu yetu kubwa ilikuwa ya mvua. Watu wa Nairobi wangechagua mishahara. Madam alichagua mvua kwa sababu hakuna mtu Kitui asiyekuwa na maoni juu ya mvua. Tulichukua vipimo vya siku kumi kutoka kwa afisa wa kilimo kule Matinyani. Programu ilitakiwa kujumlisha, kutafuta wastani, halafu kuandika neno moja kwenye skrini, PANDA au NGOJA. Madam mwenyewe alikuwa function ya SHAURI, ile ya kuamua. SHAURI ingeita WASTANI, na WASTANI ingeita JUMLA. Anayeita alitakiwa kumpa mwenzake karatasi ya vipimo, kisha asimame na chaki juu mpaka karatasi ya jibu irudi.

"Mwite. Mpe karatasi. Nyamaza," alituambia. "Usimchungulie anavyofanya, hiyo ni kazi yake."

"Nikae tu nimesimama, Madam?" mtu aliuliza.

"Kwani utaenda wapi? Hujapewa jibu."

WASTANI alimpa Mutiso, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hakuwa amesomea ualimu na alitaka kitu kingine maishani. JUMLA alimpa Mama Syombua, mwanamke mtu mzima aliyekuwa taipisti kwa ofisi ya chifu. Mimi sikupewa kitu, nilikaa katikati yao kwenye kiti namba saba.

"Wastani," Madam aliita, akampa Mutiso karatasi, akainua chaki. Mutiso aliichukua. Hakuita mtu. Alisimama akiangalia viatu vyake.

"Mutiso, unahitaji jumla. Ita Jumla."

"Haiwezekani, Madam."

"Nini haiwezekani?"

Mama Syombua alikuwa amegeuka anaangalia dirishani kama mtu anayengoja basi. Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu mdomo wangu haukuwahi kuwa na breki. "Madam, huyo ni mama mkwe wake. Ameoa Syombua."

Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima ya mtu na wakwe zake. Mwanamume hamkalii mama mkwe karibu, hamtanii, hampi kitu mkono kwa mkono, wala hawezi kumwita asimame amfanyie hesabu yeye akimngoja na chaki juu. Vijana wengi wakati huo walikuwa wameanza kulegeza, lakini si watu wa kina Mutiso. Siku ya kwanza ya darasa, Mama Syombua alipoingia, Mutiso alikuwa ameingia chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Nadhani walikuja mwezi mzima kila mmoja akiomba mwenzake aache masomo.

Mtu akasema wabadilishane. Mama Syombua, bila kugeuka kutoka dirishani, akasema, "Na mimi nimwite yeye? Aii."

Madam alikuwa bado ameinua chaki. "Kompyuta haijui mama mkwe," alisema. Mutiso akaanza kukusanya vitabu vyake. "Kaa chini, sijamaliza. Kompyuta haijui, lakini nyinyi si kompyuta. Mwikali, simama hapo katikati."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Aliniita PELEKA. Mutiso angeniita mimi, mimi ningemwita Mama Syombua, Mama Syombua angenipa jibu, na mimi ningelirudisha kwa Mutiso. "Usiongeze kitu, usipunguze kitu," Madam alisema. Akaiandika ubaoni kama function nyingine yoyote, na baadaye tukaiweka kwenye programu yenyewe, kwa sababu alisema tutaandika vile tulivyo.

Siku hiyo tulisimama watatu na chaki juu. Madam anamngoja Mutiso, Mutiso ananingoja mimi, mimi namngoja Mama Syombua, ambaye alijumlisha polepole akilamba ncha ya penseli, akarudia kutoka juu, akarudia tena kutoka chini. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mkono uliniuma mpaka begani. Halafu karatasi ikaja kwangu, ikaenda kwa Mutiso, akagawanya, ikaenda kwa Madam, na Madam akasema "Panda" kwa sauti ya uchovu, akashusha mkono. Nilielewa kwa mwili mzima, na sijawahi kusahau.

Alikuwa mkali, nisimfanye malaika. Aliwahi kumliza msichana mmoja kwa sababu ya alama ya nukuu iliyokosekana, akamwambia mbele ya wote kwamba mtu asiyefunga alichofungua arudi nyumbani kufungua na kufunga kuku. Hakuomba msamaha. Kesho yake msichana alikuta mahindi ya kuchemsha yamefungwa kwa karatasi juu ya kiti chake, namba tisa, na Madam anaangalia kwingine.

Alitufundisha kungoja na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chochote. Chai aliinywa ikiwa inachoma, machozi yakamtoka, akamimina nyingine. Kwenye foleni ya posta alikuwa anahesabu watu kwa sauti. Matangani aliondoka kabla ya chakula. Alikuwa anatuambia kila function ifanye kazi moja, na yeye alikuwa anafagia, anaweka kioo cha dirisha, anapaka rangi ubao, anaandika barua za chuo. Na hakuita mtu. Siku moja tulimkuta anaburuta betri ya jenereta peke yake kwenye mchanga, ile kubwa, sweta imelowa jasho.

"Madam, mbona hukutuita?"

"Mlikuwa na kazi zenu."

Hilo ndilo lililonichosha kwake zaidi ya ukali. Mtu anakufundisha mchana kutwa kuita na kuitwa, halafu yeye mwenyewe hakuiti.

Jumamosi ya kwanza tuliyoandika programu nzima kwenye mashine, ilitoa wastani sifuri, na chini yake NGOJA. Tukaiendesha tena. Sifuri. NGOJA. Vipimo tulivyoweka vilikuwa vya wiki ya mvua kubwa, mashamba yote ya Matinyani yalikuwa yameshaota mbaazi. Fundi mmoja akachungulia mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. "Kompyuta inasema tungoje! Waambie wanawake wang'oe mbaazi!"

Saa ya jenereta ilikuwa inakwenda. Mimi nilitaka Madam akae aitafute shida kwa macho yake ya miaka mingi. Hakugusa hata kitufe kimoja. Alisema tusimame tuwe function, kila mtu na mistari yake aliyoiandika mkononi, na kila mtu afanye kilichoandikwa tu.

Alimwita Mutiso. Mutiso akaniita mimi, akanipa karatasi, akainua chaki. Nikamwita Mama Syombua. Akajumlisha, akanipa jibu. Nikaangalia mistari yangu. Ilikuwa imeisha.

"Endelea," Madam alisema.

"Nimemaliza."

"Umemaliza?"

"Mistari yangu imeisha, Madam."

"Na jibu?"

"Ninalo."

Nilikuwa nalo, kweli, karatasi imeshikwa mkononi. Na Mutiso alikuwa bado amesimama na chaki juu. Nilikuwa nimeita, nimepewa, na sikuwa nimeandika popote kwamba jibu lirudi kwa aliyenituma. Kompyuta, isipopata jibu, ilikuwa inampa aliyeita sifuri. Darasa zima lilinigeukia. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Madam hakugomba, na hilo lilinishangaza. "Kosa la kawaida hili," alisema. "Anayepata jibu hudhani kazi imekwisha." Niliongeza mstari mmoja. PANDA ikatokea kwenye skrini, Mama Syombua akapiga makofi mara moja, akamwona mkwe wake, akaacha.

Mtahini alikuja kutoka Nairobi na tai yake. Aliipitia programu kwa kidole, akafika PELEKA. "Hii haifanyi kitu. Inaita nyingine na kurudisha ilichopewa. Kwa nini iko hapa?"

"Inafanya," Madam alisema.

"Inafanya nini?"

"Inawezesha wawili kufanya kazi pamoja."

Mtahini aliangalia chumba. Mutiso alikuwa pembe moja na Mama Syombua pembe nyingine, wamepeana migongo. Alipoelezwa, alicheka mpaka akavua miwani, halafu akatukata alama vile vile. Tulipita wote. Madam alinung'unika juu ya zile alama muhula mzima, na kila alipozikumbuka aliniangalia mimi kana kwamba tulikuwa pamoja kwenye kesi.

Labda ni hapo alipoanza kuniweka akilini. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshaanza kumwona anagonga fremu ya mlango kwa bega. Alisoma skrini akigeuza kichwa, kama kuku anayeangalia punje. Sokoni alipita watu bila kuwasalimia, na wanawake wakaanza kusema Madam ameanza maringo. Kumbe hakuwa anatuona. Alikuwa anaona katikati tu, na hayo ya pembeni yalikuwa yameondoka kidogo kidogo bila kumuaga.

Siku vyeti vilipokuja alinisindikiza hadi barabarani, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu. Akasimama.

"Mwikali, nina ombi."

Nilishtuka. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akanieleza habari za macho, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma ratiba. Alikuwa ameshaandika barua kwa mtu anayemjua kwenye kampuni ya bima Nairobi, nafasi ilikuwepo. Nifanye mwaka mmoja, nipate cheti cha kazi cha kuonyesha kamati. Kisha nirudi, nimshikie muhula mmoja.

"Nitarudi, Madam."

"Usinijibu haraka. Nenda ufikirie."

"Nifikirie nini? Nitarudi. Kwani mimi ni nani nisirudi?"

Alicheka kidogo. Akanishika mkono, akaukosa kwanza, akaupata.

Nisiseme Nairobi ilinibadilisha. Nilikuwa mimi yule yule. Nilipenda maji ya bomba ndani ya nyumba. Nilipenda kuitwa kwenye ofisi kubwa nikaulizwe kwa nini mashine inakataa, na wanaume wenye suti wakae kimya nikieleza. Mwaka ulipoisha walitaka kunipandisha, na mwezi huo haukuwa mwezi wa kuondoka. Nilimwandikia Madam barua kwamba ofisi imeninyima ruhusa. Nilieleza sana, kurasa mbili na nusu, nikataja wakubwa na sheria za likizo. Sikuwa nimeomba ruhusa yoyote. Alijibu kwa mistari mitatu. Barua imefika. Ameelewa. Macho yanaendelea hivyo hivyo.

Mwaka wa pili kulikuwa na harusi yangu. Wa tatu kulikuwa na mtoto. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa za kweli, hilo ndilo baya. Krismasi moja nilikuwa naenda nyumbani Matinyani, nikashuka kabla ya Kabati nikakata mashambani kwa miguu na mzigo kichwani, ili nisipite mbele ya chuo. Kiatu kikakatika. Mama aliniuliza mbona nimetoka upande wa mtoni, nikamwambia barabara ilikuwa mbovu. Nilikuwa nimechoka siku hiyo kuliko nilivyowahi kuchoka, na si kwa kutembea.

Habari zilizobaki nilipewa na Mutiso, tulipokutana mjini Nairobi siku moja mchana. Aliniambia darasa lilifungwa. Mihula miwili ya mwisho Madam alifundisha bila kuona skrini kabisa, wanafunzi wakimsomea mstari kwa mstari, naye akiwaambia kosa liko wapi. Kamati ilipogundua, ikafunga, na chumba kikapewa washonaji. Alikuwa amehamia kwa dada yake mwenye hoteli Mtito Andei. Nilisema "Pole sana," nikaangalia saa. Mutiso aliniangalia nikiangalia saa. Ana heshima, akaniaga.

Mwaka uliofuata ofisi ilinituma semina Mombasa, na basi likasimama Mtito Andei ili watu wapate chakula. Dereva alisema dakika ishirini. Najua ningeweza kubaki ndani. Nilishuka, nikauliza kwenye hoteli ya kwanza, nikaonyeshwa ya tatu, ile yenye malori mengi mbele. Mwanamke mnene alikuwa anapigia kelele watu wa jikoni kuhusu chapati. Nyuma yake, mezani kwenye kona, Madam alikuwa amekaa na sinia ya ndengu anazichambua kwa vidole. Alikuwa amevaa miwani nyeusi. Vidole vilikuwa vinakwenda haraka, jiwe huku, ndengu huku.

Nilisimama mbele yake. Akainua uso, kidogo kando ya mahali nilipokuwa.

"Karibu. Chai iko, mbuzi bado."

Nilikuwa na nafasi ya kusema asante na kuondoka. Nataka uelewe kwamba niliifikiria.

"Madam," nikasema.

Vidole havikusimama. "Mwikali," akasema. "Umekula?"

Nikakaa. Nikamuuliza macho, swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Yalikwisha. Nilienda hospitali darasa lilipofungwa. Daktari akaniuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nilikuwa kazini."

Nililia. Madereva wa malori wakageuka kuangalia, na mimi sikujali. Nikamwambia, "Madam, sikunyimwa ruhusa. Ile barua nilikudanganya. Sikuiomba hata siku moja."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilisomewa kurasa mbili na nusu. Mtu aliyenyimwa ruhusa huandika mstari mmoja." Alitoa jiwe, akalitupa sakafuni. "Nilikungoja kama mihula mitatu hivi. Baadaye nikaacha, nikawa nafundisha tu. Ilikuwa rahisi zaidi."

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, kwa namna ambayo mtu husema sawa akiwa na kazi mkononi. Sijui kama alinisamehe. Nadhani alikuwa amechoka kunibeba, akaniweka chini zamani, na mimi ndiye niliyekuja kujiokota mbele yake.

Dada yake akaniletea chai ambayo sikuagiza. Madam aliniuliza siku hizi wanaandika kwa lugha gani huko ofisini, nikamwambia, akauliza maswali mawili makali sana, na kwa dakika chache tulikuwa watu wa zamani. Halafu basi likapiga honi.

"Gari lako hilo. Nenda."

"Nitarudi, Madam," nilisema, nimeshasimama, nimeshika mkoba. "Ijumaa tukitoka Mombasa nitashuka hapa, nilale hata siku moja, tuongee vizuri."

Vidole vikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Hapana," akasema. "Usiniambie hivyo tena. Mimi siioni hii barabara. Ukisema utarudi nitakaa hapa nikisikiliza kila gari."

"Sasa niseme nini?"

"Sema kwaheri."

Honi ikapigwa tena, na mtu akaita kutoka mlangoni kwamba basi linaondoka. Nikasema. Sauti haikutoka vizuri.

"Sijasikia," alisema, kwa sauti ile ya darasani. "Sema tena."

Nikasema tena.